Ukuta wa Bahari na Muhula Unaoupa Mji

Kila mara maji ya bamvua yanapovuka barabara ya pwani na kuingia majumbani, dai la kwanza linalofikishwa kwa halmashauri ya mji huwa ni ukuta. Ni dai la haki, kwa kuwa mtu ambaye chumba chake kimejaa maji ya chumvi hana nafasi ya kusubiri mjadala. Hata hivyo ukuta wowote, hata ule uliogharimu mabilioni, huupa mji muhula wa miaka kadhaa tu, na muhula huo ukiisha bahari hurudi ikiwa juu zaidi. Kwa maoni yangu, mji wa pwani unapaswa kupimwa kwa yale unayoyafanya ndani ya muhula huo: unaruhusu nyumba mpya zijengwe wapi, unayatumiaje maji yaliyo chini ya ardhi yake, na unawatendeaje wakazi ambao hatimaye itawabidi wahame.

Tuanze na vipimo. Ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) ilieleza kwamba wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kwamba mwendo huo unazidi kushika kasi: ulikuwa milimita 1.3 kwa mwaka hadi 1971, ukafikia milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Maji ya bahari yakipata joto hutanuka, na barafu iliyoko nchi kavu, ya milimani pamoja na ile ya Greenland na Antaktika, huyeyuka na kuingia baharini. Ifikapo mwaka 2050 usawa huo utakuwa umepanda kwa sentimita 15 hadi 30 hivi ukilinganishwa na wastani wa miaka ya 1995 hadi 2014, na hadi hapo hakutakuwa na tofauti kubwa kati ya dunia iliyopunguza gesi joto na ile iliyokaidi. Tofauti itajitokeza baadaye. Kwa mwaka 2100 makadirio yanaanzia sentimita 28 kwa dunia iliyojizuia mapema na kufikia mita moja kwa dunia iliyoendelea kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na jopo hilo halikuondoa uwezekano wa kukaribia mita mbili iwapo barafu kubwa zitaporomoka upesi kuliko inavyotarajiwa. Hospitali, daraja au mtambo wa majitaka unaojengwa leo huenda ukawa bado unatumika wakati huo, na mhandisi anayeuchora hana namba moja ya kuishika.

Wapo wanaouliza kwa nini sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi, ziusumbue mji mzima. Jibu ni kwamba mafuriko ya bahari hutokea pale mambo kadhaa yanapokutana: maji yamejaa kwa bamvua, upepo unayasukuma kuelekea nchi kavu, na mgandamizo wa hewa umeshuka kwa sababu ya dhoruba. Usawa wa kawaida ukiinuliwa, dhoruba ndogo hufika mahali ambapo zamani ni dhoruba kubwa tu iliyoweza kufika. Kwa hesabu za jopo lilelile, viwango vya maji ambavyo hapo awali vilitokea mara moja katika miaka 100 vitatokea angalau mara moja kila mwaka ifikapo 2100 katika zaidi ya nusu ya vituo vyenye vipimo vya muda mrefu.

Kuna pia njia ya pili ambayo bahari huingilia mjini, nayo haitajwi sana kwa kuwa haina picha ya kutisha. Mifereji ya miji mingi ya pwani humwaga maji ya mvua baharini kwa mteremko tu, bila pampu, na humwaga vizuri maji yanapokupwa. Kadiri bahari inavyopanda, saa za kumwaga hupungua, na mvua kubwa ikinyesha wakati maji yamejaa, mfereji hurudi nyuma na kuipeleka bahari hadi mitaa iliyo mbali na ufukwe. Ukuta hauwezi kulizuia jambo hilo, na wakati mwingine huliongeza kwa kuyafungia maji ya mvua upande wa ndani. Mji wa Miami Beach nchini Marekani una taabu zaidi, kwa kuwa umekaa juu ya mwamba wa chokaa wenye vitundu, na maji ya bahari hupita chini ya kizuizi chochote na kuchomoza barabarani hata siku isiyo na mvua; ndiyo maana ulianza kuinua barabara na kufunga pampu. Pengine kazi ya kwanza ya mji wenye bajeti ndogo ingekuwa kufunga kwenye midomo ya mifereji yake vali zinazoruhusu maji yatoke bila kurudi, kuizibua mifereji hiyo kila mwaka, na kutenga maeneo ya wazi ambayo mvua inaweza kutuama kwa saa chache bila kumdhuru mtu. Rotterdam ulifungua mwaka 2013 kiwanja cha umma cha Benthemplein, ambacho siku za kiangazi ni mahali pa michezo na siku ya mvua kubwa huwa bwawa la muda. Bangkok nao ulifungua mwaka 2017 bustani ya Chuo Kikuu cha Chulalongkorn iliyojengwa kwa mteremko ili ikusanye maji ya mvua. Kazi kama hizi hazileti fahari ya uzinduzi mkubwa, lakini huwafikia watu wengi kuliko ukuta.

Jambo ambalo ningependa kila diwani wa mji wa pwani alielewe kabla ya yote ni kwamba mara nyingi ardhi hushuka upesi kuliko bahari inavyopanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Climate Change ulionyesha kwamba, tukihesabu kwa kufuata mahali watu wanakoishi hasa, mkazi wa kawaida wa pwani hushuhudia bahari ikipanda kwa milimita 7.8 hadi 9.9 kwa mwaka, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya mwendo wa bahari yenyewe. Tofauti hiyo inatokana na ardhi inayotitia, hasa kwenye delta za mito ambako miji mikubwa imejengwa juu ya tabaka za udongo laini. Visima virefu vinapofyonza maji kutoka kwenye tabaka hizo, chembe za udongo husongamana na uso wa ardhi hushuka, na hata maji yakirudi baadaye, udongo wa mfinyanzi hauinuki tena kufikia pale ulipokuwa.

Tokyo ulilijua hilo kwa gharama kubwa. Sehemu za mashariki ya mji huo zilititia kwa zaidi ya mita 4 katika karne ya 20 kwa sababu viwanda na majengo vilivuta maji ya ardhini bila kikomo. Sheria za mwaka 1956 na 1962 zilianza kudhibiti uvutaji huo, masharti yakakazwa hatua kwa hatua, viwanda vikapelekewa maji ya bomba ya matumizi yao, na kufikia miaka ya 1970 kutitia kulikuwa kumepungua sana. Sehemu zilizokwisha kushuka bado ziko chini ya usawa wa maji ya kujaa na zinalindwa kwa kuta na pampu, ila hazishuki tena kwa mwendo ule. Hakuna mkutano wa kimataifa uliohitajika ili jambo hilo lifanyike. Ni sehemu ya tatizo ambayo nchi, na mara nyingine mji wenyewe, vinaweza kuimaliza kwa sheria zake.

Jakarta unaonyesha upande mgumu wa somo hilohilo. Baadhi ya mitaa yake ya kaskazini imetitia kwa mita kadhaa tangu miaka ya 1970, na ukuta wa pwani uliojengwa kuilinda husimama juu ya udongo unaoshuka nao. Mwaka 2019 Rais Joko Widodo alitangaza kwamba makao makuu ya nchi yatahamishiwa kisiwani Kalimantan, lakini makao makuu yanaweza kuhama na mamilioni ya watu wakabaki palepale. Watu hao huchimba visima kwa sababu bomba halijawafikia, au limewafikia likiwa halitoi maji. Kuwafungia visima kabla ya kuwapa maji ni kuwaadhibu kwa kosa la mamlaka zilizoshindwa kusambaza huduma. Kwa hiyo bajeti ya mabomba katika mji unaotitia ihesabiwe kuwa bajeti ya ulinzi dhidi ya bahari, ipewe uzito uleule unaopewa ukuta, na ianze kabla ya ukuta.

Sasa tuje kwenye kuta na milango yenyewe. Venice ulifurika kwa sentimita 194 juu ya kipimo chake cha kawaida tarehe 4 Novemba 1966, na Italia ikaazimia kuwa msiba huo usirudiwe. Ujenzi wa mradi wa MOSE, wenye milango 78 inayolala chini ya maji kwenye mikondo mitatu inayoliunganisha wangwa la mji huo (ziwa la maji ya chumvi lililo kando ya bahari) na bahari, ulianza mwaka 2003. Ulipitia ucheleweshaji na uchunguzi wa rushwa uliowatia mbaroni makumi ya watu mwaka 2014, ukagharimu zaidi ya yuro bilioni 5, na milango ikainuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia maji tarehe 3 Oktoba 2020. Miezi kumi na moja kabla ya hapo, Novemba 2019, maji yalikuwa yamefikia sentimita 187. Desemba 2020 utabiri ulikadiria maji ya chini kuliko yaliyokuja, milango haikuinuliwa, na uwanja wa Mtakatifu Marko ukafurika milango ikiwa tayari ipo. Siutaji mradi huo ili kuubeza. Tangu hapo umeuepusha mji na mafuriko mara nyingi. Ninachosisitiza ni hesabu ya muda: zaidi ya miaka 50 ilipita kati ya msiba na kinga, na katika miaka hiyo bahari haikusimama. Kadiri inavyozidi kupanda, milango italazimika kufungwa mara nyingi zaidi kila mwaka, na kila inapofungwa meli husubiri nje na maji ya wangwa hukosa kubadilishana na ya bahari. Kwa hiyo mwisho wa muhula wa MOSE utafika kabla chuma chake hakijachakaa.

London ulichagua kuutaja mwisho wa muhula wake hadharani, na hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi katika mpango wake. Lango la mto Thames lilianza kufanya kazi mwaka 1982, likiwa tunda la mafuriko ya mwaka 1953. Mpango uliotolewa mwaka 2012, unaotazama hadi mwisho wa karne hii, haukuchagua ukuta mmoja wa kimo kimoja. Ulipanga hatua kwa mfuatano na kuzifungamanisha na vipimo: usawa wa bahari ukifikia kiwango fulani, uamuzi fulani ufanywe, na kazi ianze mapema kiasi cha kumalizika kabla maji hayajafika. Ardhi itakayohitajika kwa kuinua kingo hutengwa tangu sasa ili isijengwe. Mpango huo ulipohuishwa mwaka 2023, ratiba ya kuinua kingo za mto zilizo upande wa ndani wa lango, kuelekea chanzo cha mto, iliwahishwa kwa miaka 15, ikawa 2050. Mpango unaokubali kusahihishwa na vipimo unafaa hata kwa mji usio na fedha za London, kwa sababu kinachohitajika kwanza ni kituo cha kupimia maji kinachotunzwa bila kukatika, ramani ya miinuko inayoaminika, na maandishi yanayosema ni kipimo gani kitaamsha uamuzi gani na ni ofisi ipi itawajibika.

Uholanzi hutajwa katika kila mjadala wa namna hii, na mara nyingi husifiwa kwa sababu isiyo kuu. Ni kweli kwamba baada ya mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, yaliyoua watu 1,836 nchini humo, ilijenga mfumo wa malango na matuta ambao lango la Maeslant karibu na Rotterdam, lililokamilika mwaka 1997, ni sehemu yake. Lakini matuta hayo yanasimama juu ya utaratibu wa utawala ulioanza karne ya 13: mamlaka za maji zinazochaguliwa na wakazi, zenye kodi yake zenyewe, ambazo kazi yake ni kukagua na kutengeneza matuta kila mwaka, iwe kuna dhoruba au hakuna. Juu yake kuna sheria ya mwaka 2012 inayotenga zaidi ya yuro bilioni moja kila mwaka kwa kazi hiyo. Mji unaoagiza mchoro wa tuta kutoka huko bila kuanzisha mfuko wa matengenezo unaolindwa kisheria unaagiza nusu tu ya kinga.

Nusu inayokosekana ilionekana New Orleans nchini Marekani tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipoupiga mji huo. Baadhi ya kuta za mifereji ya mji huo zilivunjika kabla maji hayajafika juu yake, na asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Tena, kuta zilizoidhinishwa baada ya kimbunga cha mwaka 1965 zilikuwa zimefungua njia ya kujenga makazi mapya mashariki ya mji, katika ardhi ya chini iliyokuwa kinamasi, kwa hoja kwamba sasa inalindwa. Ukuta ulivuta watu kuelekea hatari, na ulipoanguka waliokuwa nyuma yake walikuwa wengi kuliko ambavyo wangekuwa kama usingejengwa. Kwa hiyo kila kibali cha kujenga ukuta kingefaa kiambatane na katazo la vibali vipya vya ujenzi katika ardhi ya chini iliyo nyuma yake. Najua ni sharti linalowaudhi wamiliki wa viwanja na linalopunguza mapato ya halmashauri, na bado sioni namna nyingine ya kuzuia muhula usitumike kuandaa maafa makubwa zaidi.

Kuhusu mikoko na matumbawe nitasema machache, kwa kuwa faida zake zimekwisha kuelezwa vya kutosha. Mita 100 za msitu wa mikoko zinaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea msongamano wa miti na kina cha maji. Dhidi ya bahari iliyoinuliwa na kimbunga kwa saa nyingi, upana unaohitajika ni wa kilomita. Bahari inapopanda, mikoko huhitaji kusogea kuelekea nchi kavu, na ikikuta ukuta au barabara hufia hapo. Kupanda miche mbele ya ukuta halafu kupiga picha hakutoshi. Ardhi ya nyuma ibaki wazi, jambo linaloturudisha kwenye vibali.

Miji jirani nayo huumizana. Mchanga wa pwani husafirishwa na mawimbi kandokando ya ufukwe, na anayeukinga upande mmoja huwanyima walio mbele. Gati la bandari ya Lomé, iliyofunguliwa mwaka 1968, lilizuia mchanga uliokuwa ukisafiri kuelekea mashariki, na fukwe za upande huo wa Togo zimekuwa zikiliwa tangu hapo. Uamuzi kuhusu kuta na gati haupaswi kuachiwa manispaa moja.

Limebaki suala la kuhama, ambalo viongozi huliogopa hadi linapowafikia kwa dharura. Saint-Louis nchini Senegal umetenganishwa na Bahari ya Atlantiki kwa ulimi mwembamba wa mchanga. Oktoba 2003 mto Senegal ulipotishia kuufurikia mji, mamlaka zilichimba upesi mfereji wenye upana wa mita 4 hivi kwenye ulimi huo ili mto upate njia ya kutokea. Mji ulinusurika na mto. Mfereji, hata hivyo, ulipanuka kwa mamia ya mita ndani ya siku chache na kisha kwa kilomita, bahari ikaingia kwa nguvu, na kijiji cha Doun Baba Dièye kikatoweka. Baadaye familia za wavuvi ambao nyumba zao zilibomolewa na mawimbi zilihamishiwa Djougop, kilomita kadhaa kutoka ufukweni, na mvuvi aliyekuwa akiuona mtumbwi wake kutoka mlangoni sasa anahitaji usafiri kufika kazini. Tacloban nchini Ufilipino ulikutana na jambo hilohilo baada ya kimbunga cha Novemba 2013: ujenzi ulipigwa marufuku ndani ya mita 40 kutoka baharini, familia zikapelekwa kaskazini ya mji, na nyumba zikawa tayari kabla ya maji ya bomba na ajira.

Mfano wenye nafuu zaidi unatoka mtaa wa Oakwood Beach huko New York. Baada ya kimbunga Sandy cha mwaka 2012, wakazi wenyewe walikutana na kuiomba serikali ya jimbo inunue nyumba zao, wakalipwa kwa thamani iliyokuwapo kabla ya dhoruba, na ardhi ikaachwa irudi kuwa kinamasi. Wengi walikuwa na hati za umiliki, na hapo ndipo miji mingine hukwama, kwa sababu wanaoishi karibu zaidi na maji mara nyingi ni wapangaji na watu wasio na hati. Fidia inayofuata hati pekee humlipa mwenye nyumba asiyeishi hapo na kumwacha mpangaji barabarani, naye atatafuta pa kulala katika bonde jingine la chini. Orodha ya wakazi inapaswa kuandikwa sasa, kaya kwa kaya, ikiwa na wapangaji wake na kazi zao, na ardhi iliyoinuka ndani ya mji inunuliwe na umma kabla thamani yake haijapanda, kwa sababu wenye fedha wanasoma ramani zilezile za miinuko. Wavuvi, wachukuzi wa bandarini na wauza samaki wapewe haki ya njia hadi ufukweni na mahali pa kuhifadhi vyombo vyao, iandikwe katika mkataba wa kuhama na isiachiwe ahadi ya mdomo. Na nyumba ya kwanza isibomolewe hadi bomba la makazi mapya litoe maji na basi la kwanza lianze kuwapeleka watu kazini.